Mtoto Mwenye Usonji Naye Acheze: Somo la Tenisi ya Uani



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mtoto ambaye mara nyingi hatumwoni kwenye Misa ya Dominika, wala uwanjani jioni wenzake wanapocheza. Si kwamba hayupo. Yupo nyumbani, ndani au uani, na pengine amefungwa kamba mguuni ili asitoroke wakati wazazi wako shambani au wamekwenda kuvua. Huyu ni mtoto mwenye usonji. Hatuandiki haya ili kuwalaumu wazazi. Mzazi anayemfunga mtoto wake mara nyingi anafanya hivyo kwa hofu, maana anajua kwamba mto uko karibu na mtoto haogopi maji.

Katika somo hili tutaeleza kwa ufupi usonji ni nini. Kisha tutafundisha mchezo mmoja ambao katika nchi nyingine umewasaidia watoto wa namna hii kutoka ndani na kuwa pamoja na wenzao. Mchezo wenyewe ni tenisi. Msomaji asishtuke. Wengi wetu hatujawahi kukanyaga uwanja wa tenisi, na tunaufahamu kama mchezo wa watu wenye fedha. Lakini tenisi tunayoizungumzia hapa inachezwa uani, kwa kibao na kamba ya kuanikia nguo.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo. Huanza mapema, na dalili zake kwa kawaida huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka 3. Hauambukizi. Mwaka 1943 daktari mmoja aitwaye Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii, na tangu hapo waganga wengi wameichunguza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo katika kijiji chenye watu 1,000 tusishangae kukuta watu saba au wanane, ingawa pengine tunamjua mmoja tu.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuziona ni hizi:

1. Mtoto haitiki akiitwa jina lake, ingawa masikio yake yanasikia.

2. Anachelewa kusema, au anarudiarudia maneno aliyoyasikia bila kujibu swali.

3. Haonyeshi kitu kwa kidole. Akitaka maji, anamshika mama mkono na kumvuta hadi kwenye mtungi.

4. Anapenda kukaa peke yake, na anaweza kupanga vifuniko mstari mmoja au kuzungusha kitu kimoja kwa muda mrefu.

5. Anapepesa mikono, anayumbayumba, au anatembea kwa ncha za vidole.

6. Anaziba masikio akisikia ngoma, vigelegele au mashine ya kukoboa mpunga.

7. Anakasirika sana mambo ya kila siku yanapobadilika. Familia za delta zinalijua jambo hili vizuri. Wakati wa kuhamia mashambani kulinda mpunga na kulala kwenye dungu, mtoto wa namna hii hulia siku nyingi, kwa sababu mahali pa kulala pamebadilika.

Si kila mtoto ana dalili zote. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaosema vizuri na kufanya vizuri darasani lakini hawajui kuanza urafiki. Wengine wana kifafa pia, na hao wanahitaji dawa za hospitali kila siku bila kukatiza.

CHANZO CHAKE

Watu husema mengi: amelogwa, ana pepo, mama alivunja mwiko, baba alikosa. Tuikumbuke Injili ya Yohane, sura ya 9, pale wanafunzi walipomwuliza Bwana kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Basi na sisi tusimwulize mama wa mtoto mwenye usonji swali ambalo Bwana amekwisha kulikataa.

Wataalamu wanatuambia kwamba sehemu kubwa ya chanzo iko katika urithi wa mwili, yaani katika vitu vidogo mno ambavyo mtoto hupokea kutoka kwa wazazi wote wawili. Malezi mabaya hayaleti usonji. Chanjo nazo hazileti usonji. Uvumi kuhusu chanjo ya surua ulianza Uingereza mwaka 1998 kwa makala ya daktari mmoja, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mama asiache kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu ya uvumi huo.

Lipo jambo moja linalotuhusu sisi watu wa Rufiji na Kibiti, ambako mbu ni wengi. Mwaka 2006 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walithibitika kuwa na usonji, na 3 walikuwa wamekua vizuri kabisa mpaka walipougua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Dalili za usonji zilionekana walipopona. Idadi hiyo ni ndogo, na haina maana kwamba kila malaria huleta usonji. Lakini ni sababu moja zaidi ya kulala kwenye chandarua kila usiku, na kumkimbiza mtoto mwenye degedege kwenye zahanati badala ya kumfukiza nyumbani.

Hakuna dawa ya kunywa inayoondoa usonji. Mtu akija kuuza maji ya ajabu au vidonge vya siri, asinunuliwe. Kinachosaidia ni mafundisho ya subira, yanayoanza mapema na kurudiwa kila siku. Mchezo ni sehemu ya mafundisho hayo.

MTOTO NA MAJI

Kabla ya kufika kwenye mchezo, tuseme wazi hatari iliyo kubwa kuliko zote. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji waliofikia miaka 4 walikuwa wamewahi kutoroka au kujaribu kutoroka. Wengi wao huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao.

Sasa tutazame mahali tunapoishi. Huku Salale, Mbuchi, Kiongoroni na Msala, maji yako pande zote. Mkondo uliokauka asubuhi unajaa mchana. Mitumbwi imefungwa nyuma ya nyumba. Mwaka 2024 mvua za masika zilifurisha mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti, na maji yakafika mahali ambapo watoto walikuwa wamezoea kucheza. Mzazi anayemfunga mtoto kamba anaifahamu hatari hii kuliko sisi tunaoandika.

Hata hivyo kamba haimfundishi mtoto kitu. Inamwumiza mguu, inamnyima kutembea, na siku itakapokatika mtoto atakuwa hajui kusimama akiambiwa "simama", na kijijini hakuna atakayejua jinsi ya kumrudisha. Kinachomlinda zaidi ni mambo matatu: jicho la mtu mzima, mtoto kufahamu maneno machache ya kumwongoza, na majirani kumjua. La kwanza ni wajibu wetu kila saa. La pili na la tatu yanaweza kuanza kujengwa kwa mpira.

KWA NINI TENISI?

Mpira wa miguu ni mzuri, lakini mtoto mwenye usonji mara nyingi hushindwa kuuelewa. Watu 22 wanakimbia, wanapiga kelele, wanasukumana, na kila mmoja anabadilisha mahali. Kwake yeye hiyo ni vurugu tupu. Tenisi ina tabia nyingine:

Kwanza, kila mchezaji ana upande wake. Katikati kuna wavu, na hakuna anayekuja kumgusa au kumsukuma.

Pili, kuna zamu. Mpira unakwenda, mpira unarudi. Ni kama mazungumzo ya watu wawili, ila hayahitaji maneno. Mtoto asiyesema anaweza kupokea na kujibu.

Tatu, kuna mstari. Mtoto anafundishwa kuutambua na kusimama alipofika.

Nne, jambo lile lile linarudiwa mara nyingi, na mtoto mwenye usonji hupenda marudio. Yale yale tunayoyaona kuwa udhaifu wake yanakuwa msaada wake.

Tano, mwili unafanya kazi. Watoto wengi wenye usonji wana shida ya kuoanisha jicho na mkono, na wengi hawalali vizuri. Mtoto aliyecheza jioni ana nafasi nzuri zaidi ya kulala usiku, na mama naye akapumzika.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Mwaka 2008 mwalimu wa tenisi Richard Spurling na mke wake Shafali Jeste, ambaye ni daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, walianzisha katika mji wa Boston, Marekani, shirika la kuwafundisha tenisi watoto wenye usonji. Linaitwa ACEing Autism. Njia yao ni nyepesi kuielewa: watoto wachache wanakutana kila wiki, na kila mtoto ana kijana wa kujitolea anayesimama naye. Mazoezi ni mafupi, yana mpangilio ule ule, na mtoto huonyeshwa kwa picha kinachofuata. Kazi hiyo imeenea katika miji mingi ya nchi ile.

Huko Taiwan, watafiti waliwafundisha wavulana 22 wenye usonji, wa umri wa miaka 6 hadi 12, mchezo wa mpira wa meza, ambao ni ndugu wa tenisi. Baada ya wiki 12 walionekana kutumia viungo vyao vizuri zaidi, na hata uwezo wao wa kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda uliongezeka.

Mashirika ya tenisi ya dunia yenyewe yamekubali kwamba mchezo ubadilishwe umfuate mtoto. Tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake hayachezwi kwa mpira wa kawaida wa manjano. Upo mpira mwekundu ambao mwendo wake umepunguzwa kwa asilimia 75, wa rangi ya machungwa kwa asilimia 50, na wa kijani kwa asilimia 25. Uwanja nao umefupishwa: uwanja wa watu wazima una urefu wa meta 23.77, lakini wa mpira mwekundu ni meta 11 tu. Ikiwa mtoto asiye na shida yoyote anapunguziwa hivyo, kwa nini mtoto mwenye usonji asipunguziwe zaidi?

Hapa kwetu lipo tawi la Special Olympics, yaani michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Michezo hiyo ilianza Chicago mwaka 1968 chini ya uongozi wa mama Mkatoliki, Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu wa akili. Tenisi ni mmojawapo wa michezo yake, na wapo watoto wenye usonji wanaoshiriki.

VIFAA VYA TENISI YA UANI

Raketi: Chonga kibao chepesi chenye ukubwa wa sahani, na mpini mfupi unaotosha mkono wa mtoto. Lainisha kingo zake kwa msasa. Kwa mtoto anayechukia kushika mbao, zungushia mpini kitambaa.

Mpira: Mwanzoni usitumie mpira mgumu. Soksi iliyojazwa matambara inafaa, au mpira wa sponji. Mpira wa tenisi uliochakaa unafaa baadaye, maana haudundi sana.

Wavu: Kamba moja iliyofungwa kati ya minazi miwili, kwenye usawa wa kiuno cha mtoto. Tundika kanga juu yake ili mtoto aione vizuri. Mchezo ukiisha, ifungue kamba isije ikamkaba mtu shingo gizani.

Mistari: Majivu au chokaa. Kwa kila mchezaji chora duara la kusimamia. Uwanja mzima usizidi hatua 11 za mtu mzima.

Mahali: Ardhi ngumu iliyofagiliwa. Kwenye mchanga mwingi na kwenye tope la mikoko mpira haudundi. Kwa hiyo vijiji vya delta vichague uwanja wa shule, au wacheze mpira wa kuning'inizwa ambao tutaueleza hapa chini. Pawe mbali na gati na mkondo, na mtu mzima mmoja akae upande ule wa maji muda wote, asifanye kazi nyingine.

Saa: Asubuhi au jioni jua likipoa. Maji ya kunywa yawepo.

HATUA ZA KUFUNDISHA

Tunashauri mtoto afundishwe mara mbili au tatu kwa wiki, kwa dakika 15 hadi 20 tu. Asivukishwe hatua kabla hajaizoea ile ya kwanza, hata kama itachukua mwezi.

Hatua ya 1. Kuzoea mahali. Mpeleke mtoto uwanjani bila kumtaka afanye chochote. Mwache ashike mpira, aunuse, atembee kwenye mistari. Siku ya kwanza akikaa dakika tano bila kulia, hayo ni maendeleo.

Hatua ya 2. Kuviringisha. Keti chini ukitazamana naye, miguu ikiwa imepanuliwa. Viringisha mpira kwake, kisha nyosha mikono usubiri. Usiseme maneno mengi. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumsaidia. Mara nyingi tunadhani mtoto hajui, kumbe hatukumpa muda.

Hatua ya 3. Kibao chini. Simameni, sukuma mpira ardhini kwa kibao, naye aurudishe vivyo hivyo. Akishindwa, simama nyuma yake umshike mkono kwa upole, kisha punguza msaada kidogo kidogo. Asiyependa kushikwa aonyeshwe tu.

Hatua ya 4. Mpira wa kuning'inia. Tia mpira ndani ya soksi ndefu, uufunge kwenye tawi la mwembe ufike kifuani pa mtoto. Aupige kwa kibao, unarudi wenyewe. Watoto wengi huipenda sana hatua hii kwa sababu mpira haupotei.

Hatua ya 5. Kudaka na kupiga. Mrushie mpira kutoka hatua mbili tu, udunde mara moja. Kwanza adake kwa mikono, baadaye apige kwa kibao.

Hatua ya 6. Juu ya kamba. Sasa kila mmoja awe upande wake. Hesabuni pamoja mipira inayovuka. Hapa hapahesabiwi nani ameshinda, bali mara ngapi mmeweza pamoja.

Hatua ya 7. Mwenzake. Mkaribishe mtoto mmoja, ndugu au jirani, aliyefundishwa namna ya kungoja. Baada ya kuzoeana aongezwe wa pili. Kundi kubwa lije mwishoni kabisa.

MAMBO SABA YA KUSHIKA

1. Anza na maliza kwa namna ile ile. Weka mipira mitano kwenye ndoo. Ikiisha, mchezo umekwisha. Mtoto anayeuona mwisho hana wasiwasi.

2. Tumia picha. Chora kwenye ubao au kipande cha boksi: kwanza mpira, halafu maji, halafu nyumbani. Mwoneshe kila mara.

3. Tumia maneno machache yale yale: "simama", "zamu yako", "ngoja", "basi". Maneno haya yatumike uwanjani, nyumbani na njiani, na watu wote. Neno "simama" lifundishwe kwenye mstari kila siku kama mchezo: mnatembea, mnafika, mnasimama, anapongezwa. Siku moja neno hilo litahitajika karibu na maji.

4. Msifu mara moja anapofanya vizuri, kwa kitu anachokipenda yeye. Mmoja hupenda kupigiwa makofi, mwingine huziba masikio akisikia makofi. Mjue wako.

5. Usimlazimishe akutazame machoni. Wengi husikia vizuri zaidi wakitazama pembeni.

6. Akianza kupiga kelele, kujipiga au kujitupa chini, usimchape. Huo si utundu. Amezidiwa na joto, kelele au mabadiliko. Mpeleke kivulini, nyamazeni, ngojeni. Kesho mtajaribu tena kwa muda mfupi zaidi.

7. Mtoto mwenye kifafa acheze akiwa ametumia dawa zake, na asiachwe peke yake hata kidogo. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kitu mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali haraka.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kuna mtoto wa miaka 8 asiyesema. Mama yake ni mkulima wa mpunga, na baba ni mvuvi wa kamba. Kila akiachwa peke yake hukimbilia gatini. Familia inaanza hatua ya 1 mwezi wa Juni baada ya mavuno. Wiki tatu za kwanza mtoto anachukua mpira na kwenda zake. Jirani anacheka, anasema mnapoteza muda. Mwezi wa pili mtoto anauviringisha mpira kurudi kwa dada yake, mara moja tu. Mwezi wa nne anasimama kwenye duara lake na kupiga mpira unaoning'inia mara 20. Watoto wa jirani wanakuja kutazama. Mmoja anapewa kibao.

Bado hasemi. Bado anakwenda majini. Lakini sasa watoto kumi wanajua jina lake, wanajua kwamba akionekana njiani peke yake aambiwe "simama", aonyeshwe mpira na kurudishwa nyumbani. Usonji wake haukuondoka. Kilichoondoka ni upweke, na ulinzi wake umeongezeka. Hilo ndilo tunalolitafuta katika somo hili: mtoto anayejulikana na wengi hulindwa na wengi.

Hata hivyo tunarudia: hakuna mchezo unaochukua nafasi ya jicho la mtu mzima. Mlango uwe na komeo la juu, na katika mtumbwi mtoto avae jaketi la kuokolea maisha.

KAZI YA PAROKIA NA VIGANGO

Parokia ina uwanja, ina vijana na ina Jumuiya Ndogo Ndogo. Hivyo vinatosha kuanza. VIWAWA wanaweza kutoa vijana wachache wa kujitolea, mmoja kwa kila mtoto, wakafundishwa hatua tulizozitaja. Kijana asikae na mtoto mahali pa faragha. Mchezo ufanyike mbele ya wazazi. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuwa wenzake wa hatua ya 7. Akina mama wa WAWATA wanaweza kumshika mkono mama anayeona aibu kutoka na mtoto wake. Katekista wa kigango anazijua nyumba zote, na mara nyingi anajua ni wapi kuna mtoto aliyefichwa.

Tusiwabague watoto kwa dini. Huku kwetu wengi wa majirani ni Waislamu, na mtoto wa jirani akizama sote tunalia msibani. Kwa hiyo uwanja uwe wazi kwa wote.

Mwezi Novemba mwaka 2014 Vatikano iliitisha mkutano mkubwa juu ya usonji, na hayati Papa Fransisko alikutana na watoto wenye hali hii pamoja na familia zao. Alisisitiza kwamba jamii yote ivunje upweke na aibu inayowazunguka. Sheria ya nchi nayo iko upande wao. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 30 kinataja haki ya mtoto kucheza na wenzake, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010.

Mzazi mwenye mashaka juu ya mtoto wake aanzie zahanati au kituo cha afya, akaombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia anaweza kufanana na mwenye usonji. Ikibidi, atapelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Aonane pia na ofisi ya ustawi wa jamii na ya elimu maalumu wilayani kuhusu shule. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo cha watoto wenye usonji, na ni ushahidi kwamba watoto hawa wanafundishika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mtoto ambaye hatumwoni akicheza? Ni nani amewahi kuitembelea familia yake?

2. Ni majina gani ya dharau tunayowaita watoto wa namna hii? Tufanye nini tuyaache?

3. Mtoto akipotea karibu na mto leo, nani ataanza kumtafuta, na ataanzia wapi? (Tunashauri: anzeni kwenye maji.)

4. Nani atachonga kibao cha kwanza, na uwanja utakuwa wapi?

Siku ya Usonji Duniani ni tarehe 2 Aprili kila mwaka. Lakini kwetu Aprili ni wakati wa masika, na maji yamejaa. Heri tuanze sasa ardhi ikiwa kavu, ili mvua zitakapofika awe tayari amejifunza neno "simama", na majirani wawe wamekwisha kumjua.

Mungu awabariki wazazi wote wanaobeba kazi hii kimya kimya. Tukutane tena mwezi ujao.